Kiwanda Kikipanuka, Kinapanuka Nini?

Habari ya kiwanda kupanuliwa kandokando ya Barabara ya Nyerere, ambayo wazee wa Ukonga mpaka leo wanaiita Barabara ya Pugu, kwa kawaida huja na namba mbili: fedha zitakazowekezwa na ajira zitakazopatikana. Namba ya kwanza ina wenyewe. Benki itaiuliza, TRA itaiuliza, mkandarasi ataidai. Ya pili, ikishasomwa siku ya kuweka jiwe la msingi, haina anayeifuatilia.

Wanaoifuatilia ni vijana. Habari ikishasambaa, ofisi za serikali za mitaa kuanzia Ukonga Mombasa hadi Majohe hupokea watu wanaotaka barua ya utambulisho. Saa 11 alfajiri wanakuwa getini na bahasha za kaki zenye nakala ya kitambulisho cha NIDA, cheti cha kidato cha nne, na kwa aliyebahatika, cheti cha VETA. Miezi michache baadaye mtaa unakuwa na hadithi mbili. Ya kwanza inasema kiwanda kimeajiri watu wengi. Ya pili inasema wameleta watu wao, na zilizobaki ni kazi za deiwaka. Wanaosimulia hadithi hizo wanaonana waongo, kumbe mara nyingi wote wanasema kweli. Wanatofautiana kwa sababu neno "upanuzi" limebeba mambo kadhaa yasiyofanana, na neno "ajira" limebeba mengi zaidi.

Picha ya zamani

Sehemu ya mkanganyiko imerithiwa. Barabara ya Nyerere ni mshipa wa zamani wa viwanda. ALAF, kiwanda cha mabati, kilianza mwaka 1960. Kampuni ya Sigara ilianza kuzalisha kwenye barabara hiyohiyo mwaka 1961. Urafiki, kiwanda cha nguo, ilifunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China, na katika miaka ile ya mashirika ya umma, majina kama Kilitex na Sunguratex yalikuwa ya kawaida vinywani kama majina ya timu za mpira. Mtu aliyesema "nafanya kiwandani" alieleweka: ana mshahara wa mwezi, zahanati, likizo, na pensheni inamsubiri. Kwa mkataba huo alinunua kiwanja Gongo la Mboto, akajenga vyumba vinne, akaishi katika kimoja na kupangisha vitatu.

Kisha yakaja mageuzi ya miaka ya 1990. Nguo za nje na mitumba zilivibana viwanda vya nguo. Kiwanda cha bia cha TBL kilipata mbia kutoka Afrika Kusini mwaka 1993, na Kampuni ya Sigara ikauzwa kwa sehemu kubwa kwa wawekezaji wa nje mwaka 1995. Urafiki nayo iligeuzwa kuwa ubia ambao upande wa China ulishika asilimia 51. Matokeo yao hayakufanana. Urafiki haikurudi tena kwenye kimo chake cha zamani. TBL ilipanuka kweli: ilikarabati mitambo, iliongeza uzalishaji, na mwaka 1998 hisa zake ziliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Lakini katika miaka hiyohiyo ya neema, wafanyakazi wake wa kudumu walipungua.

Mfano wa TBL una maana kubwa kuliko unavyotajwa. Unaonyesha kwamba kiwanda kinaweza kukua, kikapata faida, kikalipa kodi nyingi kuliko zamani, na bado kikahitaji watu wachache. Hakuna aliyeiba kitu. Mitambo ilibadilika, na idadi ya watu iliyorithiwa kutoka enzi ya shirika la umma ilikuwa kubwa kuliko kazi iliyokuwapo. Tatizo ni kwamba kijana wa Ukonga anaposikia neno "ajira", anaona picha ya baba yake mwaka 1975, wakati mwenye kiwanda anawaza jedwali la gharama la mwaka huu.

Upanuzi wa aina tatu

Kiwanda hupanuka kwa njia tatu kuu, na kila njia ina hesabu yake ya watu.

Kuna upanuzi wa zamu: mashine ni zilezile, ila zilizokuwa zikilala usiku sasa hazilali. Huu ndio unaoajiri haraka, maana kila zamu mpya inahitaji karibu idadi ileile ya watu kama zilizotangulia. Unahitaji vitu viwili, soko na umeme usiokatika. Wakati wa mgao, kuongeza zamu ya usiku kulimaanisha kuunguza dizeli. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ianze kuzalisha mwaka 2024, kikwazo hicho kimepungua nguvu, ingawa nyaya na transfoma za mitaani ni hadithi nyingine.

Kuna upanuzi wa laini: jengo jipya, bidhaa mpya, mashine zinazoongezwa juu ya zilizopo. Huu nao huajiri, kwa kiasi kinachotegemea bidhaa. Laini ya kushona nguo inahitaji mikono mingi. Laini ya kusaga saruji inahitaji mafundi wachache na kompyuta.

Halafu kuna upanuzi wa kubadilisha mitambo, na hapa ndipo tangazo na geti huachana. Chukua mfano wa hesabu tu. Kiwanda kina laini tatu za zamani, kila moja watu 20 kwa zamu, zamu mbili kwa siku. Jumla ni watu 120. Mwenye mali ananunua laini mpya inayofanya kazi ya laini mbili kwa watu 12, anaondoa mbili za zamani, anabakiza moja, na anaongeza zamu ya tatu. Laini mpya itahitaji watu 36 kwa zamu zote tatu, na ya zamani itahitaji 60. Jumla ni 96. Uzalishaji umepanda kwa nusu nzima, watu wamepungua 24. Siku ya uzinduzi meneja anaweza kusema bila kudanganya kwamba laini mpya "imeleta nafasi 36". Waliotoka kwenye laini mbili zilizong'olewa hawakualikwa kwenye hafla.

Kwa hiyo anayesikia kwamba kiwanda kinapanuka, kabla ya kuuliza ni ajira ngapi, aulize ni nini kinachopanuka.

Wanayosema wenye viwanda

Hoja ya wenye viwanda, ambayo Shirikisho la Wenye Viwanda, CTI, limekuwa likiitetea tangu miaka ya 1990, ina uzito kuliko watu wa mitaani wanavyoipa. Kiwanda kisichobadilisha mitambo hufa, na kikifa hakiajiri hata kibarua mmoja. Nenda kaangalie majengo ya zamani kando ya barabara: mengine leo ni maghala ya bidhaa kutoka nje, mengine yamekatwakatwa kuwa fremu za maduka. Ghala lenye ukubwa wa uwanja wa mpira linaendeshwa na walinzi wachache, karani, dereva wa foklifti na makuli wanaoitwa kontena likifika. Ukilinganisha na ghala, kiwanda chenye watu 96 ni baraka.

Hoja yao ya pili ni ushindani wa mahali. Kiwanja cha viwanda ndani ya Dar es Salaam ni ghali na hakitanuki, na jiji ambalo sensa ya 2022 ililihesabia watu milioni 5.38 limeshavizunguka viwanda pande zote. Mkoa wa Pwani uko jirani na una ardhi. Mkuranga, Kibaha na Kwala vimevuta wawekezaji wengi. Bakhresa alipotaka kiwanda kikubwa cha juisi alikijenga Mwandege, nje ya mpaka wa jiji. Masharti yakizidi hapa, upanuzi utafanyika kule, na Ukonga itabaki na ghala.

Udhaifu wa hoja hizi uko kwenye namba za "ajira zisizo za moja kwa moja". Dereva anayebeba mzigo wa viwanda vitatu anaweza kuhesabiwa na vyote vitatu. Mwenye duka aliyekuwa akiuza soda kabla ya upanuzi anaingizwa kwenye orodha kana kwamba amezaliwa jana. Na wanaopoteza hawahesabiwi kabisa: kiwanda cha mikate kikiongeza tanuri, waoka mikate wadogo wa Kivule na Kitunda wanapoteza wateja, ila hasara yao haiandikwi popote. Namba ya ajira zisizo za moja kwa moja isiyosema imepatikanaje ni pambo la hotuba.

Wanayosema wenyeji

Upande wa pili una malalamiko ya aina tatu yaliyofungwa kwenye furushi moja, na kuyachanganya kunawadhoofisha wenyewe.

La kwanza ni la kibarua. Mtu anaitwa siku mzigo ukiwepo, hana mkataba, hana NSSF, na akiumia mkono kwenye mashine anaanza kwa kutafuta wa kumtambua. Hili lina msingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kama ilivyoanza kutumika, ilikusudia mkataba wa muda maalumu uwe wa wataalamu na mameneja; wengine wawe na mkataba usio na kikomo, au wa kazi mahususi. Mlango huo wa "kazi mahususi" ndio viwanda vingi hupitia, mwaka baada ya mwaka, kwa watu walewale na mashine ileile. Mwaka 2014 serikali ilizuia pia mtindo wa mawakala kuajiri watu na kuwakodisha kwa makampuni. Mawakala wakabadilisha mabango, utaratibu ukatafuta njia nyingine.

Fedha zenyewe zinaeleza. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha viwanda na biashara kuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, kutoka 115,000 za mwaka 2013. Ukigawa kwa siku 26 za kazi, ni kama shilingi 5,770 kwa siku. Serikali imetangaza viwango vipya vya sekta binafsi kuanzia Januari 2026, na wastani umepanda kwa theluthi moja. Ni jambo jema kwa mwenye mkataba. Kibarua aliyeitwa siku 14 katika mwezi analipwa siku 14, na kima cha chini cha mwezi kwake ni habari ya redioni.

Lalamiko la pili ni la wageni: wataalamu kutoka nje na vijana kutoka mikoani. Haya ni mambo mawili. Kwa wataalamu, Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 inamtaka mwajiri awe na mpango wa Watanzania kurithi nafasi hizo, na Sheria ya Uwekezaji ya 2022 ilimpa mwekezaji nafasi ya kuleta hadi wageni kumi mwanzoni. Mashine mpya zinapofungwa, fundi wa kampuni iliyoziuza lazima aje. Swali ni kama anaondoka. Kwa vijana wa mikoani, hoja ya wenyeji ni dhaifu zaidi, na tutairudia.

La tatu ni ardhi, moshi na maji. Kwa mtu wa Ukonga neno "upanuzi" lina kovu. Wakazi wa Kipawa waliopisha upanuzi wa uwanja wa ndege wengi wao waliishia kuanza upya kwenye viunga vya Pugu. Upande wa Kinondoni, kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, kilichoanza mwaka 1966, kimekuwa na mgogoro mrefu wa ardhi na wakazi wa Chasimba. Kiwanda kile kimepanuliwa mara kadhaa na uwezo wake leo ni karibu tani milioni 2 kwa mwaka, lakini kazi ya saruji inabebwa na tanuri na vinu, na waajiriwa wa moja kwa moja ni wachache mno ukiwapima na ukubwa wa kilima kinacholiwa. Ni haki mtu wa jirani kuuliza: vumbi ni langu, kazi ni ya nani?

Kwa nini mashine ni rahisi kuliko mikono

Wachambuzi wengi huishia kuwapatanisha wenye viwanda na wenyeji kwa kuwataka wawe na nia njema. Nia haina kazi hapa. Mwenye kiwanda anafuata bei, na bei zimepangwa na sheria za nchi.

Kila shilingi 100 za mshahara zinamgharimu mwajiri wa watu kumi au zaidi takribani shilingi 114: angalau 10 za mchango wake NSSF, 3.5 za tozo ya kuendeleza ufundi stadi, na nusu shilingi ya mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Mashine za uzalishaji, kwa upande mwingine, huingia nchini kwa ushuru wa forodha wa asilimia sifuri chini ya utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na sheria ya kodi ya mapato inamruhusu mwenye kiwanda kutoa sehemu kubwa ya gharama yake kwenye faida mapema. Kila kipengele kina sababu yake njema. NSSF ni uzee wa mfanyakazi, tozo ya ufundi inachangia kuiendesha VETA, na bila mashine za bei nafuu hakuna viwanda. Vikijumlishwa lakini, vinamnong'oneza mwenye mali jambo moja: nunua mashine, na kazi iliyobaki mpe kibarua ambaye hata zile shilingi 14 hutazilipa.

Gharama ya kumwaga watu nayo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa na ashauriane na chama cha wafanyakazi, kama TUICO, kabla ya kupunguza watu. Kiinua mgongo cha chini kabisa ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, kwa kikomo cha miaka 10. Aliyetumikia mashine miaka 22 anaondoka na siku 70, sawa na aliyeitumikia miaka 10. Kibarua haondoki na kitu, maana kwenye karatasi hakuwahi kuingia.

Soko linaongeza lake. Kiwanda cha jeans cha eneo la Mabibo kiliajiri maelfu ya vijana, wengi wanawake, kwa sababu nguo zilikwenda Marekani bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Mpango huo ulifika ukingoni Septemba 2025, na wote walioshika sindano wakajua kwamba ajira yao ilikuwa inaamuliwa Washington. A to Z ya Arusha, iliyopanuka kwa kushona vyandarua na wakati fulani kuajiri maelfu, ilitegemea zabuni za mifuko ya afya ya kimataifa. Upanuzi unaosimama juu ya mnunuzi mmoja huajiri haraka na kuachisha haraka. Kiwanda cha sabuni au unga kinachouzia Buguruni na Mbagala kinakua polepole, ila wateja wake hawapigi kura ya kukinyima soko.

Nani mwenyeji?

Turudi kwa vijana wa mikoani. Hakuna sheria inayomlazimisha mwenye kiwanda cha kawaida kuajiri watu wa mtaa wake. Madini na gesi vina kanuni za ushiriki wa wazawa. Viwanda vya sabuni na nondo havina. Sheria ya kazi inakwenda mbali zaidi: inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kadhaa, na mahali mtu anakotoka ni mmojawapo. Mwenyekiti wa mtaa anayedai nafasi zote ziwe za "watoto wa hapa" anadai jambo ambalo meneja makini atasita kuliandika.

Zaidi ya hapo, Ukonga ni mji wa wahamiaji. Wengi wanaojiita wenyeji walikuja na wazazi wao kufuata viwanda hivihivi. Sasa treni ya SGR inasimama Pugu, na barabara ya mabasi ya mwendokasi ikikamilika hadi Gongo la Mboto, mtu wa mbali atakuwa karibu na geti kuliko mtu wa Majohe anayekanyaga mchanga hadi kituoni.

Kuna jambo moja ambalo ukaribu bado unaamua, nalo ni zamu ya usiku. Zamu inayotoka saa 4 usiku inamwacha mwanamke barabarani wakati daladala zimepungua, na bodaboda ya kumfikisha Kivule inakula sehemu nzuri ya alichopata. Sheria inamtaka mwajiri aongeze asilimia 5 ya mshahara kwa kila saa ya kazi ya usiku. Nyongeza hiyo haifiki nauli. Ndiyo maana zamu za usiku hujazwa na wanaume wanaokaa jirani na wasio na familia, na upanuzi wa zamu, ambao ndio bora kwa idadi, unaweza kuwafungia wanawake mlango bila mtu kuandika popote kwamba wanawake hawatakiwi. Basi moja la kampuni hurekebisha hilo kuliko semina kumi za jinsia.

Kinachobaki mtaani

Faida iliyo wazi kuliko zote hupita mbali na geti. Halmashauri hutoza ushuru wa huduma, ambao ni asilimia ndogo ya mauzo ghafi. Kiwanda kikiongeza uzalishaji kwa nusu na kuuza chote, ushuru huo unaongezeka kwa nusu, hata kama watu wamepungua kutoka 120 hadi 96. Katika mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 10 hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kwa sababu ya ubadhirifu, ikarudishwa mwaka uliofuata. Kwa njia hiyo ndefu, mashine iliyomnyima mtu kazi inaweza kumkopesha mtaji wa bajaji. Lakini ushuru unaingia kapu la Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam nzima, kutoka Kariakoo hadi Chanika, na haubaki kwenye kata iliyovumilia malori.

Faida inayobaki kwenye kata ni ya vyumba vya kupanga na sahani za wali. Hapa aina ya mkataba inashinda idadi ya watu. Mama lishe wa nje ya geti anamkopesha mwenye mkataba hadi tarehe ya mshahara, na mwenye nyumba anamkubalia kodi ya miezi mitatu badala ya sita. Kibarua analipa sahani kwa sahani, siku asipoitwa hali, na siku hiyo mama lishe anarudi nyumbani na sufuria nusu. Watu 60 wenye mkataba wanauendesha mtaa kuliko vibarua 150 wanaopokezana siku. Kwa maoni ya mwandishi huyu, serikali inayotaka kumpa mwekezaji nafuu ya kodi kwa ajili ya upanuzi ingeihesabu nafuu hiyo kwa mikataba iliyosajiliwa NSSF baada ya miezi 24, na kuziacha ajira zilizotajwa siku ya jiwe la msingi zibaki kwenye hotuba.

Nafasi ya kuuliza haya ipo na ni ya kisheria. Kabla ya upanuzi mkubwa, mwenye kiwanda hufanya tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya 2004, na mamlaka za mazingira hutaka wadau wa eneo wasikilizwe. Mikutano hiyo hujaa maswali ya vumbi na mitaro. Ripoti yenyewe huwa na sehemu ya athari za kijamii, na humo mna aya ya ajira. Ndani ya aya hiyo ndimo inapopaswa kuandikwa ni laini ngapi zinaongezwa, ngapi zinang'olewa, zamu zitakuwa ngapi, na waliokuwa kwenye laini zinazong'olewa watakwenda wapi. Mjumbe wa mtaa aliyefika mkutanoni na karatasi yenye maswali hayo manne atarudi na jibu la kuwasomea vijana wenye bahasha, au atarudi na ukimya wa meneja, ambao nao unasomeka.